Chungu cha Kibuye, saga chungu na siku ya kuzaliwa ya mke wangu

Chungu ninachokizungumzia hapa nilikinunua katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, kwa shilingi 450, nikiwa na kusudi moja tu: kumpikia mke wangu, katika siku yake ya kuzaliwa, vyakula anavyovipenda tangu alipokuwa msichana kwao Vihiga, yaani saga, ile mboga ya majani iitwayo pia mgagani, iliyolazwa kwenye maziwa, kuku wa kienyeji wa mchuzi na ugali wa wimbi. Ni chungu cha kawaida cha udongo mwekundu, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa kwa kitu chochote, chenye ujazo wa lita nne hivi, tumbo pana, shingo fupi na kitako cha mviringo. Siku yenyewe imepita miezi mitano sasa, na tangu hapo chungu kimeendelea kupika nyumbani kwetu Migosi karibu kila wiki, kwa hiyo haya si maoni ya mtu aliyefurahia kitu kipya kwa siku moja. Nitasema mapema kwamba nimekipenda, lakini si kwa kila chakula, wala si kwa kila mpishi.

Mwaka juzi nilimpeleka mke wangu kula katika hoteli moja ya mjini. Chakula kililetwa kimepambwa, wahudumu wakaimba na kupiga makofi, na bili ilipokuja niliisoma mara mbili kabla ya kutoa pochi. Mke wangu alishukuru kwa adabu aliyolelewa nayo, akala nusu ya sahani yake, na tulipofika nyumbani akavua viatu, akaingia jikoni na kuuliza kama mrenda wa mchana ulikuwa umebaki. Aliula akiwa amesimama pale pale kando ya jiko. Mrenda ule nilikuwa nimeupika mimi, tena kwa haraka, na sijawahi kupewa sifa iliyonipendeza kuliko ile.

Mwaka jana basi nikaamua kupika mwenyewe, na nikaipika saga katika sufuria ya alumini kama ninavyopika kila kitu. Maziwa yalishika chini kabla mboga haijaiva, harufu ya kuungua ikapanda hadi juu, na ingawa mke wangu hakulalamika, niliona jinsi alivyokuwa akichota za juu tu kwa uangalifu. Adabu ya ukwe hainiruhusu kumpigia mama mkwe simu kuzungumza naye habari za jikoni, kwa hiyo nilimpigia dada yake mkubwa mke wangu. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Shemeji, hiyo mboga haitaki sufuria, inataka inyungu. Na haitaki haraka." Inyungu ndiyo nyungu, yaani chungu, Wajaluo tunaoishi nao hapa mjini hukiita agulu, na ukitaja neno lolote kati ya hayo matatu pale Kibuye utaonyeshwa njia.

Kabla ya kufika Kibuye, hata hivyo, nilipoteza shilingi 300 kwa uvivu wangu. Nilikuwa ninarudi safarini, nikaona vyungu vimepangwa kando ya barabara, nikachagua kilichonivutia kwa macho na kukipakia kwenye gari bila hata kukipapasa. Nyumbani nilikijaza maji usiku, na asubuhi nikakuta kidimbwi sakafuni. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ulioanzia shingoni ukashuka hadi tumboni, na mtu aliyeniuzia bila shaka aliujua, kwa maana upande ule ndio aliokuwa ameuelekeza ukutani. Sasa kimepandwa mchaichai, na mchaichai unaendelea vizuri.

Soko la Kibuye hufunguliwa kila siku, lakini siku yake kubwa ni Jumapili, wakati wauzaji wanapomiminika kutoka kila upande na bidhaa kutandazwa hadi karibu na barabara kuu. Ukienda kwa ajili ya chungu, nenda Jumapili, na uende asubuhi, kwa sababu mbili: vyungu huwa vingi vya kuchagua, na jua halijawa kali kiasi cha kukufanya uchukue cha kwanza ili uondoke. Mama niliyenunua kwake alikuwa mtu mzima, na nilipoanza kukigeuzageuza chungu nikikitazama kama mnunuzi wa gari, alininyang'anya kwa upole. "Mwanangu, chungu hakitazamwi, kinagongwa," akasema, akakining'iniza kwa vidole viwili mdomoni na kukigonga tumboni kwa kifundo cha kidole. Kililia kama kengele ndogo. Akachukua kingine, akakigonga, nacho kikatoa sauti nzito iliyokatika, kama mtu aliyegonga boga bovu. Hicho akakiweka kando bila kusema neno. Mimi nilimwambia, "Asante, mama, nimejifunza," na sikumwomba apunguze bei.

Sababu ya sauti hizo mbili si siri. Chungu kizima hutetema chote kwa pamoja, lakini penye ufa mtetemo hukatika. Sikio hugundua kile ambacho jicho halikioni, hasa kwa sababu vyungu vyetu vya huku huchomwa kwa moto wa wazi wa kuni, nyasi na samadi, ambao joto lake halilingani pande zote, na moshi huacha mabaka meusi yanayoweza kuuficha ufa. Mabaka yenyewe si kasoro. Kinachopaswa kukutia shaka ni rangi: vyungu vilivyopakwa rangi ya mafuta au vanishi ili vipandwe maua huuzwa bega kwa bega na vya kupikia, na hivyo havifai kuwekewa chakula hata kidogo.

Nikafika nyumbani wiki mbili kabla ya siku yenyewe, na nashukuru kwamba nilikuwa na wiki hizo mbili. Chungu kipya hakipiki. Kwanza nilikizamisha katika ndoo ya maji usiku kucha, nacho kikatoa mapovu kwa muda mrefu huku hewa ikitoka katika vinyweleo vyake na maji yakiingia. Siku iliyofuata nilikianika kivulini, nikakipaka mafuta ya kupikia ndani na nje, kisha nikapika ndani yake uji mwembamba wa unga wa mahindi kwa moto mdogo sana kwa saa nzima na kuuacha upoe humo humo. Wanga wa uji huingia katika vinyweleo na kuviziba, na kazi hiyo nilihitaji kuirudia mara tatu kabla chungu hakijaacha kutoa jasho nje. Uji wa kwanza ulikuwa na ladha ya mvua ya kwanza ikianguka juu ya vumbi. Harufu hiyo ni nzuri ukiwa umesimama mlangoni, lakini si ya kunywa. Uji wa tatu ulikuwa uji tu.

Sasa nifike kwenye saga, ambayo ndiyo hasa iliyonipeleka sokoni. Kiswahili kina utani wake hapa, kwamba mboga iliyo chungu ndiyo iliyo mali ya chungu, na mboga hii ni chungu kweli. Mtu asiyeizoea huweza kudhani ametiliwa dawa ya malaria. Nilinunua mafungu sita ya saga na mawili ya managu, yaani mnavu, siku ya Alhamisi, kwa kuwa siku ya kuzaliwa ilikuwa Jumamosi. Kuchambua kulinichukua muda mrefu kuliko kupika, kwa maana majani na machipukizi laini ndiyo yanayotakiwa, na mabua yakiingia hakuna maziwa yatakayoyalainisha. Chungu nilikiweka kwenye jiko la makaa lenye udongo ndani, maji kidogo yakiwa tayari ndani yake, makaa yakiwa yameshika lakini machache, nikaongeza makaa taratibu kadiri chungu kilivyopata joto. Majani yalipolainika, baada ya dakika arobaini hivi, nilimimina nusu lita ya maziwa na kuyaacha yatokote bila kufunika.

Hapo ndipo tofauti na sufuria ilipoonekana waziwazi. Alumini hupitisha joto haraka sana, na mahali ambapo makaa yamerundikana ndipo chakula kinapoungua. Udongo hupitisha joto polepole na hulitawanya mwilini mwake wote, kwa hiyo maziwa yalitokota kwa mapovu madogo yaliyotoka pande zote, si kwa kufura katikati na kumwagika. Sikukoroga zaidi ya mara nne. Chini hakukuwa na kitu kilichoshika, hata kidogo, na nilikagua kwa mwiko kwa sababu sikuamini. Usiku nilikiepua chungu kikiwa na mboga yake, kikaendelea kutokota chenyewe mezani kwa dakika kumi nzima, jambo lililowafanya watoto waje kukiangalia.

Ijumaa asubuhi niliichemsha tena mboga hiyo hadi itokote, nikaongeza maziwa, na jioni nikarudia, mara hii kwa malai niliyokuwa nimeyaengua kwenye maziwa ya siku mbili. Hivi ndivyo mboga hizi zilivyopikwa katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya, kwa Waluhya na kwa Wajaluo pia: zinachemshwa, zinalazwa, zinaongezwa maziwa, zinachemshwa tena, na kila siku uchungu unapungua na utamu unakua. Lakini niseme kwa msisitizo, kwa kuwa joto la Kisumu si la mchezo, kwamba mboga iliyotiwa maziwa isipochemshwa hasa asubuhi na jioni itachacha, na chungu hakina uwezo wowote wa kuizuia isichache. Mtu mwenye jokofu na aitumie jokofu, ahamishie mboga katika bakuli; nami ningefanya hivyo kama umeme haungekuwa umekatika Ijumaa ile.

Jirani alinishauri nitie magadi ili kuokoa muda. Magadi hulainisha majani upesi kweli na huyaacha yakiwa ya kijani kibichi, lakini pia huharibu vitamini C na ile ya B1, na yakizidi kidogo tu mboga hutoa ladha ya sabuni. Kwao mke wangu walitumia musherekha, ile chumvi ya majivu inayochujwa kutoka katika maganda ya maharage au mabua yaliyochomwa, ambayo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo ingawa kwa upole. Nilitia kijiko kimoja tu cha musherekha siku ya kwanza, kwa ajili ya ladha aliyoizoea mke wangu na si kwa ajili ya muda, kwa maana muda ndio kitu ambacho chungu hiki hutumia kwa ukarimu mkubwa na ukishakinunua umekubali.

Tatizo ambalo sikulitarajia ni la siri. Nilikuwa nimekificha chungu nyumbani kwa jirani wakati wa kukipika uji, lakini saga haifichiki. Ijumaa usiku mke wangu aliingia kutoka kazini, akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akaniuliza kama dada yake amekuja. Nilimwambia hapana. Akasema, "Basi kuna mtu anayepika kama watu wa kwetu," akaenda kubadilisha nguo, na hakuuliza tena hadi kesho yake.

Kuku nilimpika Jumamosi yenyewe. Alikuwa jogoo wa kienyeji, si kuku wa banda, na nilimbabua kwenye miali ya moto kumwondoa vinyoya vilivyobaki, jambo linalompa pia ile harufu ya moshi ambayo mchuzi wote hujengwa juu yake. Viungo vilikuwa kitunguu, nyanya, chumvi na maji. Hakuna kingine, kwa kuwa mke wangu huona kwamba anayemwekea kuku wa kienyeji pakiti ya viungo vya dukani ana jambo analolificha. Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka yakiwa kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo jogoo mzee huhitaji subira zaidi kidogo kuliko angehitaji Mombasa. Wangu alichukua saa mbili na nusu. Chungu kilizishika saa hizo zote bila kukauka, kwa kuwa moto ulikuwa mdogo na shingo ni fupi na nyembamba, na nyama iliacha mfupa bila kusambaratika kwenye mchuzi.

Kosa nililolifanya ni kuzitia nyanya mapema. Katika chungu kilicho kipya bado, uchachu wa nyanya hurudisha ile ladha ya udongo niliyoisema, si nyingi, lakini niliisikia, na mtoto wetu mkubwa aliisikia pia akasema mchuzi una ladha ya shamba. Mara zilizofuata nilizikaanga nyanya na kitunguu pembeni katika sufuria na kuziongeza nusu saa kabla ya kuepua, na tatizo likaisha. Baada ya miezi mitano ya kupikwa, hata nyanya zikitiwa mapema sisikii kitu tena.

Ugali wa wimbi sikuupika humo. Najua wazee wetu waliusonga katika vyungu, lakini vyao vilikuwa vizito na mikono yao ilikuwa imezoea, na mimi niliogopa kwamba mwiko ungekitoboa kitako. Niliusonga katika sufuria, unga wa wimbi nikiuchanganya na wa muhogo ili uvutike na usikatike, na ukatoka mweusi, laini, wenye kung'aa kidogo. Wala usijaribu samaki wa kukaanga: mafuta yenye moto mkali ni adui wa udongo, na ngege anayekaangwa anahitaji mafuta makali. Chungu hufaa kwa ngege ambaye ameshakaangwa kwingine na sasa anaingia katika mchuzi, au kwa samaki mkavu aliyelowekwa. Hayo mengine mwachie karai.

Jumamosi mchana tulikula watu sita. Watoto walikuwa tayari wamemmwagia mama yao maji uani, kama ilivyo desturi ya siku hizi ambayo sijui nani aliianzisha, kwa hiyo aliketi mezani akiwa na nywele zilizolowa na leso mabegani. Nilikileta chungu kizima mezani juu ya kata ya nyasi. Firigisi, ambayo kwao ni haki ya mwanamume wa nyumba na wapo waliogombana kwa ajili yake, nilimwekea yeye. Alinitazama, akaitazama firigisi, akauliza kama nina homa. Kisha akaila. Saga aliionja kwa kidonge kimoja cha ugali, akanyamaza, akachukua kidonge cha pili kikubwa zaidi, na akasema tu kwamba ile ilikuwa ya siku ya tatu. Hakukosea.

Gharama zote, nikikitoa chungu chenyewe, hazikufika theluthi moja ya ile bili ya hoteli, na jogoo peke yake ndiye aliyechukua sehemu kubwa. Lakini sitaki msomaji adhani kwamba chungu ni njia ya kuokoa fedha. Hula makaa. Maji ambayo sufuria ingeyachemsha kwa dakika kumi, hiki changu huyachemsha kwa karibu nusu saa, na ingawa baadaye unaweza kupunguza moto sana kwa sababu joto halitoki ndani yake haraka, kwa chakula cha muda mfupi kama sukuma wiki hesabu haikubali. Nilipima kwa macho tu, bila mizani: kwa maharage na kuku tofauti si kubwa, kwa mboga za haraka ni hasara tupu.

Juu ya gesi sikushauri kukiweka moja kwa moja. Mwali wa gesi hukilenga kitako mahali pamoja, na udongo unapopata joto sehemu moja upande wa pili ukiwa baridi, hupasuka. Anayelazimika kutumia gesi na aweke bamba la chuma katikati na kuanza na mwali mdogo kabisa. Jiko la makaa lenye udongo ndani ndilo linalokifaa zaidi, pia kwa sababu mdomo wake huupokea vizuri kitako cha mviringo. Kwenye jiko la bapa chungu huyumba kama mlevi. Na kwa kuwa utakaa saa nyingi na makaa, usikae nayo katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina harufu. Mimi hupikia uani chini ya paa.

Kuna masharti mengine madogo ambayo muuzaji hakunitajia na ambayo nilijifunza kwa hasara. Kisiwekwe kikavu juu ya moto. Kisimiminiwe maji baridi kikiwa cha moto. Kisioshwe kwa sabuni, kwa kuwa vinyweleo huinywa sabuni na kuirudisha katika chakula cha kesho. Maji ya moto, majivu na kisugulio cha katani vinatosha. Na kisihifadhiwe kikiwa na unyevu: mwezi wa pili nilikiosha, nikakifunika na kukisukuma chini ya kabati, na wiki mbili baadaye nikakikuta kimeota ukungu mweupe ndani kama ndevu. Nilikichemshia maji ya chumvi mara mbili na kukianika juani siku mbili, kikapona, lakini harufu ilichukua muda kuondoka. Sasa hukaa wazi, mdomo ukielekea chini, juu ya vijiti viwili.

Nikiulizwa kama nitamshauri mtu akinunue, nitamuuliza kwanza anapika nini. Anayependa mrenda, saga, managu, kunde, maharage au kuku wa kienyeji, na ambaye siku ya mapumziko anaweza kukaa karibu na jiko akifanya shughuli nyingine ndogondogo, shilingi 450 ni bei ndogo kwa kitu hiki, na tofauti atailamba kidoleni. Anayerudi nyumbani saa mbili usiku na watoto wakiwa na njaa hana haja nacho siku za kazi. Abaki na sufuria yake. Mwenye kutaka kumpikia mwenzake siku ya kuzaliwa asikinunue siku mbili kabla, kwa kuwa atampikia mchuzi wenye ladha ya tofali. Wiki mbili ndizo za chini kabisa.

Lalamiko langu moja kwa mama wa Kibuye ni la mfuniko. Chungu kiliuzwa bila mkungu wake, na nilipouliza niliambiwa imeisha, nije wakati mwingine. Kwa miezi hii yote nimekuwa nikikifunika kwa mfuniko wa sufuria ambao haukai sawasawa na ambao hutoa kelele mchuzi ukitokota, au kwa jani la mgomba pale ninapolipata, na jani, nikiri, ni zuri kuliko mfuniko. Jumapili hii nitarudi Kibuye kuutafuta mkungu unaolingana na mdomo wake. Mke wangu ameshasema kwamba tutakwenda pamoja, kwa sababu anataka chungu kingine kikubwa zaidi, na kwamba mara hii atakayegonga ni yeye.